Tupeane uzoefu: siku Madaktari wa zamani waliporudi, ulikuwa wapi?

Mlimani
Wakuu, wapenzi wa Doctor Who humu ndani (kile kipindi cha runinga cha Uingereza ambacho shujaa wake, Daktari, hubadilika mwili na kuigizwa na mtu mwingine) najua hatujazi hata daladala, lakini tupo. Leo tuweke kando ubishi wa Daktari gani mkali. Leteni visa vyenu vya zile siku sura za zamani na mpya zilipokutanishwa.

Naanza na changu. Tarehe 23 Novemba 2013, kipindi kinatimiza miaka 50 (kimeuzidi uhuru wa Kenya siku 19 tu, hesabuni wenyewe). Kisa cha sherehe kilirushwa nchi 94 kwa mpigo: Uingereza saa 2 kasoro dakika 10 usiku, kwetu saa 5 kasoro. Nilikuwa hosteli Dar, modemu nimeifunga kamba dirishani ili idake mtandao, watu wanne kitanda kimoja. Bando nilijibana wiki nzima kulinunua. Picha inatembea, inaganda, inatembea.

Ikafika pale Madaktari wote wanakuja kuiokoa Gallifrey, sayari yao. Jamaa anashangaa kuwaona wote 12, mwenzake anamsahihisha: wapo 13! Yakatokea macho makali na nyusi... kimya. Bando limekata. Yalikuwa macho ya Peter Capaldi, Daktari ajaye, ambaye hata kazi alikuwa hajaanza. Yalinikodolea kwenye kioo cha laptopu dakika kumi nzima, mwenzangu yuko chini anamgongea Mangi amuuzie vocha. Mpaka leo nikimwona Capaldi naangalia salio.

Bushiri
Umenichekesha wewe. Mie nililala, nikasimuliwa asubuhi. Sina kisa, endeleeni.

BintiTanga
Changu ni cha marehemu baba. 1983 alikuwa anasoma Uingereza, akaangalia ile ya miaka 20, The Five Doctors, kwenye televisheni ya bweni. Alikuwa akiisimulia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. "Watano gani? Niliwahesabu!" William Hartnell, Daktari wa kwanza, alishafariki 1975, kwa hiyo nafasi yake akapewa Richard Hurndall. Tom Baker, yule wa skafu ndefu, kipenzi cha baba, alikataa kuja, wakabandika vipande vya kisa cha zamani ambacho mgomo ulikatiza upigaji wake. Kwenye picha ya matangazo wakasimamisha sanamu lake la nta kutoka Madame Tussauds. Baba akisema: "Tumealikwa harusini, bwana harusi sanamu."

2013 mie niko Muscat. Mwishoni kabisa Matt Smith, Daktari wa wakati ule, kakaa peke yake mbele ya mchoro, ikasikika sauti nzito nyuma yake. Tom Baker, miaka 79, anakuja na mkongojo. Nikampigia baba Tanga usiku ule ule. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha: "Haya. Mwambie nimeshamsamehe."

Mpingaji
Mtanisamehe, mie hizi sherehe naona ni biashara ya kutuuzia sura tulizozipenda. David Tennant, Daktari aliyemtangulia Smith, kaaga 2010 tukalia, karudi 2013, karudi tena 2023 kwa visa vitatu vya miaka 60. Mstaafu gani huyu? Na kipindi chenyewe kimeishi kwa sababu hakiogopi kuaga: 1966 Hartnell afya ilipomzidi, wakabuni kwamba Daktari mwili ukichoka huvaa mwingine. Sasa kila sikukuu tunarudi nyuma.

Ila Desemba 2023, mwisho wa kile cha pili, yule babu Wilf alipoonekana kwenye kiti cha magurudumu, uso umemchangamka kwa kumwona rafiki yake... Bernard Cribbins aliyemwigiza alikuwa amefariki tangu Julai 2022. Hapo sikuwa na hoja. Nilikwenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Kageni wa Nairobi
Wacha niwape ya nyanya yangu. Yeye alitoka Rwanda 1994, na habari za Daktari hana. Kile cha tatu cha 2023 nilimwambia, nyanya, huyu Daktari mpya anayekuja sasa kazaliwa Kigali, familia yao ilikimbilia Scotland mwaka ule ule wako. Akaweka kikombe chini, akavaa miwani.

Mnakumbuka safari ile Tennant hakubadilika, alipasuka wakawa wawili, wakagawana nguo. Ncuti Gatwa akatokea na shati na tai, chini nguo ya ndani tu. Nyanya: "Mtoto wa Kigali, mbona wamemnyima suruali?" Nikamtajia jina lake, nikalitamka vile limeandikwa. Akanikaripia. "Ni inshuti hiyo. Rafiki. Sema vizuri." Akanirudisha mara tatu, sinema inaendelea bila sisi.

Mlimani
Kageni, na suruali alikuja kuipata?

Kageni wa Nairobi
Nyanya pia alitaka kujua. Kile cha Krismasi alikaa mapema kabisa, miwani tayari. Kijana akatokea kwenye disko, anacheza na sketi ya Kiskoti.