Mume wangu amenyimwa posho ya ulemavu hapa Uingereza, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Tunaishi Leicester. Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi, na upande wa kulia hauna nguvu mpaka leo. Tuliomba PIP, posho ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, akafanyiwa tathmini kwa simu. Barua imekuja: pointi 6 za shughuli za kila siku, 4 za kutembea. Zinatakiwa angalau 8 upande mmoja, kwa hiyo hapati kitu.

Kinachoniuma ni majibu yake mwenyewe. Aliulizwa kama anaweza kupika, akajibu "naweza". Mwanaume wa kwetu atamwambia nini mgeni? Hakusema kwamba mimi ndiye ninayemenya na kukata, wala kwamba sufuria ya moto imeshamponyoka mara mbili. Kutembea vilevile: mita 100 anafika, lakini akishafika analala mchana kutwa. Na kanuni zao zinasema jambo lihesabiwe tu kama mtu analiweza kwa usalama, kwa kurudia na kwa muda unaofaa!

Tuna mwezi 1 tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya, na siku 11 zimeshakwisha. Nimeomba nakala ya ripoti ya mtathmini, na kila usiku naandika alichoshindwa siku hiyo.

Mliopitia hili, barua ya daktari ieleze ugonjwa tu, au hasa anavyohangaika nyumbani? Na wakikataa tena tukakata rufaa, aende mwenyewe mbele ya jopo akiwa na mkalimani, au tutume karatasi tu? Naogopa akiulizwa atasema tena "naweza".