Kuunganisha spidomita ya zamani ya treni na simuleta ya nyumbani: nianzie wapi?

Kiti cha Dereva
Habari zenu wakuu. Nimejijengea meza ya dereva wa treni chumbani: mkono wa spidi, mkono wa breki, honi, na skrini mbele. Programu ninayotumia ni Train Simulator Classic. Sasa nimepata spidomita halisi iliyotolewa kwenye kichwa cha treni cha zamani, na nataka mshale wake upande na kushuka pamoja na treni ninayoiendesha kwenye kompyuta.

Uso wake umeandikwa 0 hadi 160 km/h, namba zina rangi ya kimanjano kama ya kuwaka gizani, ingawa haiwaki. Nyuma kuna skrubu mbili za waya, moja ina alama ya kujumlisha, na pembeni kuna soketi ya taa iliyoandikwa 24 V. Haina tundu la kuingiza kebo ya kuzunguka. Volti za mshale wenyewe hazijaandikwa popote. Ninayo bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuamuru vifaa vya umeme) na multimita (kipima umeme). Naogopa kuiunguza, kwa sababu sidhani nitapata nyingine. Naombeni mwongozo.

Waya Mwekundu
Fungua, toa vya ndani vyote, weka servo ndogo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) nyuma ya mshale. Servo unaiamuru moja kwa moja kutoka kwenye Arduino, huhitaji kujua volti za zamani. Kazi ya mchana mmoja tu.

Fundi wa Mishale
Mkuu Kiti cha Dereva, nakuomba usitoe kitu ndani ya hiyo spidomita. Kazi yangu ni kutengeneza vipimo vya mshale, na nikikuta kilichotolewa moyo wake huwa naumia, kwa sababu mara nyingi kilichotupwa kilikuwa kizima. Halafu servo ya kawaida inazunguka nyuzi 180 hivi, wakati mishale mingi ya treni inafagia nyuzi 240 na zaidi. Na inakwenda kwa kushtukashtuka, huku ikilia. Mshale wa koili (waya uliozungushwa, unaosogea umeme ukipita) unapanda kwa utulivu wake, na huo utulivu ndio unaoutafuta.

Kabla ya waya wowote, tuzungumzie zile namba. Rangi ya kuwaka gizani kwenye chombo cha zamani ichukulie kuwa ina radiamu, elementi yenye mionzi, mpaka mtu mwenye kipima mionzi akuhakikishie kuwa haina. Kutowaka si dalili ya usalama: kilichochoka ni salfaidi ya zinki iliyokuwa ikitoa mwanga, lakini radiamu yenyewe huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Hatari kubwa ni kuikwangua na kuvuta vumbi lake. Kwa hiyo kioo kibaki kimefungwa. Bahati nzuri kazi yako yote inafanyika kwa nyuma.

Sasa aina yake. Za kale kabisa huendeshwa na kebo inayozunguka kutoka kwenye ekseli. Ndani mna sumaku inayokokota kikombe cha alumini, ubunifu ambao Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902. Nyingine zina nyaya tatu, na ndani mna mota ndogo inayofuata jenereta ya kwenye ekseli. Yako ina skrubu mbili na alama ya kujumlisha, kwa hiyo karibu hakika ni koili ndani ya sumaku: kwa ufupi ni voltimita iliyoandikwa kilomita. Tazama sehemu ya chini ya uso wake kwa tochi. Ukiona kimchoro cha sumaku ya kiatu cha farasi chenye kitu katikati, ndiyo hiyo. Hapo karibu huwa pia na alama ya kuonyesha kama chombo kinatakiwa kusimama wima au kulala.

Usiipime kwa multimita kwenye om, yaani kipimo cha ukinzani. Multimita hutoa umeme wake, na koili nyepesi inaweza kuutupa mshale mpaka mwisho kwa kishindo. Chukua betri moja ya 1.5 V, rezista (kipunguza umeme) ya kilo-om 100 na multimita kwenye miliampea, vyote kwenye mstari mmoja na spidomita. Mshale usiposogea, shusha hadi kilo-om 47, kisha 10, na kuendelea hivyo polepole. Betri ya 1.5 V isipotosha kuufikisha mshale mwisho, rudi kwenye rezista kubwa ndipo uongeze volti. Mshale ukisimama kwenye 160, andika miliampea zilizopita na volti zilizopo kati ya zile skrubu mbili. Namba hizo mbili ndizo kila kitu. Tuletee.

Kiti cha Dereva
Nashukuru sana mkuu. Kimchoro cha sumaku kipo, na alama ya kusimama wima ipo. Mshale umefika 160 kwa miliampea 10, na kati ya skrubu kuna volti 0.9. Umepanda vizuri mno, hauna kukwama hata kidogo.

Fundi wa Mishale
Safi sana, hiyo ni nzima. Volti 0.9 kwa miliampea 10 maana yake koili ina om 90. Pini ya Uno inatoa 5 V, na miliampea 10 haziilemei, kwani inashauriwa isizidi 20. Unahitaji jumla ya om 500, hivyo weka rezista ya om 330 pamoja na potenshiomita ndogo (rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha) ya om 200, vyote kwenye mstari mmoja na spidomita. Anza na potenshiomita ikiwa mwisho wa juu.

Tumia amri ya analogWrite kwenye pini ya PWM, yaani inayowasha na kuzima umeme harakaharaka. Mapigo kwenye pini nyingi ni kama 490 kwa sekunde, mshale hauwezi kuyafuata, kwa hiyo unaonyesha wastani. Ngazi 256 kwa 160 km/h ni kama 0.6 km/h kila ngazi. Jicho halitaona mruko.

Rekebisha chombo kikiwa kimesimama mahali pake pa kudumu. Umeme ukiwa umezimwa, weka sifuri kwa skrubu ya mbele kama ipo. Kisha toa 255, ngazi ya juu kabisa, na uzungushe potenshiomita mpaka 160. Baada ya hapo tafuta thamani inayokupa 20, 40, 60 na kuendelea, uziweke kwenye jedwali ndani ya programu, ikokotoe zilizo katikati. Usidhani 80 itakuwa nusu kamili ya 255.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: umeme wa USB unaruhusiwa kucheza kati ya 4.75 na 5.25 V. Hiyo ni asilimia 5 juu na chini, yaani 8 km/h ukiwa kwenye 160. Iwashe Uno kwa adapta ya 9 V kwenye tundu lake la mviringo, kidhibiti cha ndani kitashika 5 V vizuri zaidi. USB ibaki ya data.

Njia Panda
Upande wa kompyuta: ndani ya folda ya plugins ya hiyo simuleta kuna faili la RailDriver64.dll, ambalo programu nyingine huweza kusomea namba za treni. Programu yako ndogo iite amri yake ya SetRailDriverConnected, ichukue GetControllerList, kisha isome kwa GetControllerValue. Vichwa vingine vina SpeedometerKPH, vingine SpeedometerMPH, kwa hiyo tafuta vyote viwili; ukipata maili zidisha kwa 1.609. Ondoa alama ya kutoa kabla ya kuituma spidi kwenye Uno kupitia USB. Kusoma mara 20 kwa sekunde kunatosha.

Waya Mwekundu
Fundi, mimi yangu ina nyaya tatu. Nayo inawezekana bila servo?

Fundi wa Mishale
Inawezekana, ila kazi ni nyingi zaidi. Unatengeneza mawimbi matatu yaliyoachana nyuzi 120, unayapitisha kwenye kiendesha mota cha fezi tatu, na spidi inakuwa ni mizunguko ya wimbi kwa sekunde. Volti nazo zipande pamoja na mizunguko hiyo, na upandishe taratibu, la sivyo mota inapoteza hatua na mshale unaanguka sifuri. Fungua mada yako, weka picha ya nyuma na maandishi yote yaliyopo kwenye kibandiko, tutaanzia hapo.