Waifai ya kaunti: bei gani ndio watu watalipa?

mtumba_stage: Habarini wadau. Sokoni kwetu waifai ya kaunti ni ya bure lakini ikifika saa tano hivi, watu wakishajaa, inagoma kabisa. Sasa tumeitwa kikao cha maoni, wanataka tulipe 500 kwa mwezi ndio waiboreshe. Mimi nauza viatu, kila asubuhi napiga picha natumia wateja WhatsApp kwa hivyo naihitaji kweli, lakini naogopa watu wataikimbia halafu izimwe. Kuna mji umewahi kutoza ikafaulu?

fundi_wa_laini: Angalia Taipei, mji mkuu wa Taiwan. 2006 walisambaza WIFLY, waifai ya kulipia, karibu mji mzima, kampuni iliyoijenga ilitarajia wateja 250,000 mwaka huo, kufika katikati ya mwaka waliolipa ni kama 40,000 tu kwa mji wa watu milioni 2.6. Bei ilikuwa kama dola 12 kwa mwezi, kwao si ghali, ila mtu ana intaneti nyumbani na kazini, alipie ya barabarani ya nini? 2011 jiji likaanzisha Taipei Free, ya bure.

Kaka Mwangaza: Philadelphia kule Marekani pia, karibu dola 20 kwa mwezi, wa kipato kidogo nusu ya hiyo, na bado EarthLink, kampuni iliyojenga waifai hiyo, walijitoa 2008. Mawimbi yalikuwa hayapenyi kuta vizuri. Lakini Chaska kule Minnesota, mji mdogo tu, manispaa yenyewe ilianza 2004 kwa kama dola 16 na wateja wakapatikana, kwa sababu iliingia majumbani kwa bei ya chini kuliko intaneti ya kebo.

mama_sukuma: Mimi niko soko kama hilo. Pesa yangu inaingia kwa siku na inatoka kwa siku, 500 kwa mkupuo siwezi hata kama mwezi ukiisha bando zimenila zaidi ya hiyo. Kuna kijana hapa mtaani anauza waifai yake shilingi 10 kwa saa, nanunua saa moja ya kutuma oda basi. Na hao wa kaunti waje waone kibanda cha mabati, nikiingia ndani netiwaki inakufa, natoka mlangoni na simu mkononi mteja ananingoja na sukuma yake. Nilipie mlango?

mtumba_stage: Asanteni sana. Mama umenifungua macho, vibanda vyetu karibu vyote ni mabati na hilo hakuna aliyelitaja. Kikao ni Alhamisi, nitaomba bei ya siku na wapime netiwaki ndani ya vibanda kabla ya kutoza mtu. Kuna mwenye anajua antena moja ya ndani inaweza kuhudumia vibanda vingapi?