Transfoma imezinduliwa saa tano, saa tisa wameibeba. Halafu mgombea akamjibu mama yangu vile!

Mwana Katuba:
Ndugu zangu, naandika mikono inatetemeka. Simu imebaki na asilimia 9, na sababu mnaijua.

Jina sitaji, maana mnamjua wote. Uso wake umebandikwa kila ukuta kutoka soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, mpaka barabara ya Kipushi. Hata mwembe wetu wameugongomea picha yake, tangu siku hiyo maembe yanaanguka mabichi.

Leo amekuja kwetu Katuba. Transfoma yetu iliungua zamani, watoto waliozaliwa usiku ule sasa wanajua kuhesabu. Tulichanga kila lupango, kila kiwanja, msingi wa saruji tukaujenga wenyewe, tukaambiwa tungoje. Tumengoja. Kampeni imefunguliwa tarehe 19 Novemba 2023, na leo, katikati ya matope haya, lori linaingia na transfoma mpya, rangi bado inanuka! Fanfari, utepe, watoto wametolewa darasani kuja kupiga makofi. Mama yangu ana miaka 68 na goti bovu. Amefunga kitenge chenye sura ya mtu huyo, amecheza mpaka goti lenyewe likasahau kuuma. Vigelegele alivyopiga vimesikika mpaka mji wa Likasi.

Amekata utepe. Ametuonyesha nambari yake ya kubonyeza kwenye mashine ya kura tarehe 20 Desemba. Waya hata mmoja haukufungwa, tukasema mafundi watakuja mchana.

Saa tisa lori limerudi. Si mafundi. Winchi imenyanyua transfoma mbele ya macho yetu, utepe bado unaning'inia. Mama, na kitenge chake kiunoni, amekwenda kwenye gari la mgombea, ameinama kwa heshima, amemuuliza: "Baba, munaipeleka wapi?" Mtu huyo ameshusha kioo upana wa kidole na kusema:

"Mama, picha mulishapata. Munataka nini tena?"

Kioo juu. Wameondoka, tope limemrukia mama mpaka kifuani.

PICHA MULISHAPATA! Kwa mama aliyezaa watoto saba! Picha tutaichomeka wapi, ukutani iwashe balbu? Sheria ya uchaguzi inakataza mali ya Serikali kutumika kwenye kampeni, na lile lori nambari zake tumeziona. Lakini acha sheria. Picha mulishapata! Mama amekaa kwenye kigoda tangu saa tisa, bukari, ugali wake, amekataa. Anarudia tu, "Mwanangu, amesema picha."

Simba ya Kenya:
Pole sana kwa mama. Mi sina hata la kuongeza. Kidole kimoja cha kioo!

Binti Kampemba:
Ngoja kwanza. Hiyo transfoma ina mkwaruzo ubavuni, mrefu, unapinda chini?

Mwana Katuba:
NDIYO. Upande wa kushoto.

Binti Kampemba:
Iko hapa kwetu. Saa kumi na moja wamekata utepe. Lori halijazimwa hata injini.

Fundi Radiyo:
Yesu wangu. Mkimbilie mkae juu yake!

Binti Kampemba:
Vijana wamekwisha kupanda watatu. Mmoja amelala kabisa. Dereva anapiga honi.

Mzee wa Kamalondo:
Mwana Katuba, mimi ni baba yako kwa umri, nivumilie. Nani alimfunga mama kile kitenge? Juzi kartie yenu imepokea chumvi na fulana, mmeimba mpaka sisi huku tukakosa usingizi. Ukila chumvi ya mtu, unywe na maji yake.

Mwana Katuba:
Baba, kwa heshima zote. Mama alipewa kitenge mlangoni, hakukiomba. Na alicheza kwa ajili ya umeme! Alidhani usiku wa leo atasoma Biblia bila koroboi. Hilo ni kosa la kumwambia mtu "picha mulishapata"? Angesema tu "tunaipeleka kutengenezwa." Angedanganya hata! Ameona mama hafai hata uongo.

Simba ya Kenya:
Hafai hata uongo. Hapo umenichoma.

Yaya wa Ruashi:
Nyinyi angalau mmeiona kwa macho. Sisi hapa tunahesabu nguzo. Nyaya za umeme wa bwawa la Inga zinatembea zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, na chini yake vijiji vizima vinakaa gizani tangu enzi za Mobutu. Shaba inalala kwenye mwanga, mtu analala na mbu.

Fundi Radiyo:
Yaya, hayo ya Inga tuliyasikia 2006, 2011 na 2018. Kila kampeni Inga inajengwa upya mdomoni.

Kibarua 77:
Nyinyi mnalia umeme, mimi nalia sura. Karte yangu ya uchaguzi niliyopewa mwanzoni mwa mwaka huu imefutika! Picha imekwenda, jina limekwenda, limebaki karatasi jeupe kama sabuni. Nimepanga mstari kutafuta nyingine tangu saa kumi usiku, mvua imenipiga, saa nane wamefunga mlango. Mwana Katuba, mwambie mama mwenzake picha hana.

Mama Bunga:
😂😂 Kibarua weye! Yangu pia imefutika, imebaki sikio moja.

Mwana Katuba:
Jamani msicheke, mama yangu yuko hapa karibu, ananiuliza watu wanasema nini. Nimsomee sikio?

Mzee wa Kamalondo:
Msomee kwamba Mzee wa Kamalondo anampa pole. Hilo nalisema bila mchezo. Kumjibu mama vile, hapana. Lakini kitenge avue.

Mwana Katuba:
Amekivua, baba. Anapangusia nacho tope la mlangoni.

Binti Kampemba:
Wameondoka nayo. Polisi wamekuja kuwashusha vijana. Aliyelala walimbeba na usingizi wake.

Simba ya Kenya:
Inakwenda wapi sasa?

Binti Kampemba:
Barabara ya Kasumbalesa. Kule giza hili watazindua na tochi.

Mama Bunga:
Kwa kuwa umetaja Kasumbalesa, kuna aliyetoka mpakani leo? Mahindi ya Zambia yameingia? Mashini yangu ya kusaga inakunywa mazutu, dizeli, kuliko faida, na meka ya bunga, kipimo cha unga, sasa watu wanainunua nusu nusu.

Yaya wa Ruashi:
Malori yamepita mawili mchana. Lakini wanapakua kwa wakubwa kwanza.

Mama Bunga:
Wakubwa gani tena?

Kibarua 77:
Wale wale. Mfuko wa kilo 25 unafunguliwa ukiwa na kilo 22, nimepima mwenyewe.

Fundi Radiyo:
Kwako 22? Mimi wangu ulikuwa na 21 na jiwe.

Mama Bunga:
Jiwe si mahindi yangu! Mnanunua wapi nyinyi? Njooni kwangu nyuma ya kanisa, kesho asubuhi nasaga, kama mvua itaacha.

Kibarua 77:
Unaanza saa ngapi?

Mwana Katuba:
Asilimia 1. Mama amelala na njaa.

Mama Bunga:
Saa kumi na mbili. Mwana Katuba, kesho mtume mtoto na sahani, nitampa mama meka moja. Wengine mje na mifuko yenu.