Mafunzo ya dansi ya kiangazi: New York, Vienna au Toubab Dialaw?

Binti_Bagamoyo:
Habari zenu ndugu. Nimehitimu chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na ngoma kama sindimba na bugobogobo nazicheza bila shida, lakini baleti na dansi ya kisasa nimezigusa kwa muhula mmoja tu. Nimepata mfadhili wa kozi moja ya nje, na zimebaki tatu: Shule ya Ailey ya New York, warsha za ImPulsTanz za Vienna, na shule ya dansi ya École des Sables, kijijini Toubab Dialaw, Senegal. Nataka mitindo mingi kwa mkupuo mmoja. Niende wapi?

Kisigino:
Dada, kwa wingi wa mitindo sioni inayoishinda Ailey, kwa kuwa hapo baleti, Horton na Graham (mbinu mbili za dansi ya kisasa), jazi na dansi za Afrika Magharibi hufundishwa chini ya paa moja. Horton ndiyo itakayokufaa zaidi: inakudai mgongo ulionyooka kama ubao na kusimama kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kimelala ubavu, mambo ambayo ngoma zetu, zinazochezwa magoti yakiwa yamekunjwa na uzito ukielekea ardhini, hazikuzoeza. Fahamu tu kwamba kuna usaili.

Safari_Vienna:
Mimi nilikwenda ImPulsTanz, tamasha lililoanza mwaka 1984 na ambalo hufanyika Julai na Agosti. Unajichagulia warsha mwenyewe, na hapo ndipo penye uzuri na hatari, kwani hakuna anayekupangia ratiba. Nilichukua madarasa manne kwa siku. Siku ya nne miundi iliniuma hata nikashindwa kuruka, nikamaliza wiki nikitazama wenzangu. Ukienda, chukua mawili.

Mwalimu_wa_Mganda:
Binti yangu, mitindo mitano isiyoshikana mwilini ni mzigo, nami nimewaona vijana wakirudi na vipande vya kila kitu. Germaine Acogny, aliyeongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique ya Dakar kuanzia 1977 hadi 1982 na kuanzisha École des Sables mwaka 1998 pamoja na mumewe Helmut Vogt, aliunda mbinu inayounganisha dansi za Senegal na Benin na zile za kisasa na baleti, na kiini chake ni uti wa mgongo unaotembea kama nyoka. Huko utafundishwa daraja la kukuvusha kutoka ngoma zako hadi dansi za kisasa, si ng'ambo peke yake. Tena wana ukumbi wa sakafu ya mchanga, ambao hauumizi magoti lakini huichosha misuli ya mguu kuliko mbao.

Binti_Bagamoyo:
Shikamoo Mwalimu. Je, kiuno cha sindimba hakitanizuia nikienda kwanza kwenye Horton?

Mwalimu_wa_Mganda:
Marahaba. Hakitakuzuia, ila kitakuchelewesha, kwa sababu kiuno cha sindimba hupata nguvu kutoka magotini, ilhali sehemu kubwa ya mazoezi ya Horton hutaka nyonga itulie ili mgongo na miguu vifanye kazi. Ukijua kwanza uti wa mgongo unaanza kusogea wapi, utaweza kukituliza kiuno bila kukikaza.

Kisigino:
Kwa hoja hiyo nakubaliana na Mwalimu: Senegal kwanza, Ailey baadaye.

Binti_Bagamoyo:
Basi nitamwandikia mfadhili kuhusu Toubab Dialaw, na wiki hii naanza kufanya mazoezi kwenye mchanga wa ufukweni hapa Bagamoyo.