Daraja la pasiwaya linakatika kila jioni: mlingoti wa futi 50 utatosha?

MkaaziWaKiboswa
Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijaingia gharama. Mwezi wa Machi nilifunga redio mbili za gigahezi 5, vile vifaa vya kurushiana mtandao hewani, ili nivushe intaneti ya faiba kutoka dukani kwangu Kiboswa hadi kwa mzee wangu ng'ambo ya bonde, kilomita 2.4 kwa kipimo cha ramani. Kazi ilikwenda vizuri hadi majuma matatu yaliyopita. Tangu hapo mtandao unakatika kila siku kuanzia saa moja jioni, unarudi baada ya dakika mbili, unakatika tena, na ikifika saa nne na nusu usiku unatulia kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi aliyekuja kutazama anasema mikaratusi ya jirani imekua ikaziba njia, na dawa yake ni mlingoti wa futi 50. Je, futi 50 zinatosha, au niende 60?

RutaNaSolda (Kakamega)
Ndugu, achana na futi kwanza. Umezima ugawaji wa anwani (DHCP, yaani ruta kukipa kila kifaa namba yake ya mtandaoni) katika ruta ya upande wa nyumbani? Watu wengi huacha ruta mbili zikigawa anwani katika mtandao mmoja, zote zikijiita 192.168.1.1, kisha wanalaumu miti. Ruta ya pili ipe anwani yake, kwa mfano 192.168.1.2, zima ugawaji, na waya uchomeke katika tundu la kawaida, si lile la intaneti.

MkaaziWaKiboswa
Hilo nilifanya tangu Machi. Swali langu ni la mlingoti.

DadaWaLanet (Nakuru)
Pole sana. Mimi nilihangaika mwezi mzima na daraja la namna hiyo, nikabadilisha mkondo wa masafa, nikabadilisha hata redio, kumbe ni nyani waliokuwa wakishuka ukutani asubuhi na kutafuna waya uliopita juu ya paa. Tuliupitisha ndani ya bomba la chuma na vita vikaisha, ingawa nyani mmoja bado huja kulikagua bomba kila Jumapili.

MwalimuMstaafu (Mbale)
Nyani wa Nakuru tuwaachie Nakuru. Kijana wangu, redio mbili zikitazamana, haitoshi macho yaone upande wa pili, kwa sababu mawimbi hupita katika umbo linalofanana na ndizi nene, jembamba mwishoni na pana katikati. Kwa kilomita 2.4 na gigahezi 5.8, upana huo kutoka mstari wa kati hufika mita 5.5 hivi, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 3.3, iwe wazi. Mti ukiingia hapo utakusumbua, hasa majani yakiwa yamelowa. Lakini mkaratusi hauna saa mkononi. Hauwezi kuziba njia saa moja kamili na kuifungua saa nne na nusu. Kwenu hufanyika nini saa hizo? Ni nani wanaotumia mtandao?

MkaaziWaKiboswa
Ni familia tu, mwalimu. Mzee, mama na wadogo zangu wawili.

RutaNaSolda (Kakamega)
Wadogo wawili hawawezi kuangusha daraja. Fungua orodha ya vifaa katika ruta saa mbili usiku, utuambie vipo vingapi.

MkaaziWaKiboswa
Vilikuwa 37. Nitasema ukweli. Kuna majirani ambao nimewavutia waya. Walikuwa watatu, na mwishoni mwa mwezi uliopita wakafika nyumba 11, kila moja ikinichangia shilingi 500 kwa mwezi. Sikuona kama linahusika, kwa sababu kasi ninayolipia inawatosha, na mchana hakuna anayelalamika. Tafadhali msinigeuze mhalifu, watoto wa pale walikuwa wakitembea hadi barabarani kutafuta mtandao wa kufanyia kazi za shule.

MzeeWaKanuni (Kisumu)
Nia njema haiondoi sheria. Kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Tena soma mkataba wako wa faiba, kwa kuwa mikataba mingi ya nyumbani inakataza kuisambaza. Jirani mmoja akikosana nawe, atakuwa wa kwanza kukuripoti.

MkaaziWaKiboswa
Nimekusikia, mzee, na nitalifuatilia. Turudi kwenye mlingoti. Ishara inasoma -58 dBm pande zote mbili (namba ikikaribia sifuri ndivyo ishara inavyokuwa na nguvu), nadhani kwa futi 50 itafika -50.

MtazamajiMkali (Eldoret)
Wenzangu, tunachezewa. Mkaratusi uliozibisha njia kwa umbali huo hauwezi kukuachia -58. Hiyo ni ishara nzuri ambayo wengi wetu tunaiombea. Ama mtu huyu hajawahi kushika redio, ama anauza milingoti na huu uzi ni tangazo. Hesabuni mara alizotaja futi 50.

DadaWaLanet (Nakuru)
Hata mimi nilianza kushuku. Mwanzo familia, mara nyumba 11. Kesho tutaambiwa ni kijiji kizima.

MkaaziWaKiboswa
Mnaniumiza bure. Kuhusu majirani nilificha, nakubali, lakini ya redio sikutunga. Hiyo -58 niliisoma leo mwenyewe, na mikaratusi sikuipanda wala sikuipima. Ni fundi aliyenionyesha kwa kidole akiwa chini.

MwalimuMstaafu (Mbale)
Basi Mtazamaji ametusaidia bila kutaka. Ikiwa namba ni ya kweli, mti ndio uliotungwa. Ingia katika kila redio usome muda ambao imekuwa macho tangu iwake. Njia ikizibwa, redio hupotezana tu, hazizimiki.

MkaaziWaKiboswa
Ni saa mbili na robo usiku. Ya dukani inasema siku 43. Ya nyumbani inasema dakika 26.

RutaNaSolda (Kakamega)
Hapo sasa! Redio ya nyumbani inazimika na kuwaka. Inapata umeme kwa njia gani?

MkaaziWaKiboswa
Iko juu ya mnara wa tangi la maji, na umeme wa volti 24 unapanda kwa waya uleule wa mtandao kutoka sebuleni, kama mita 80. Waya ulipungua katikati nikauunga, nikazungushia utepe na mfuko wa mkate.

RutaNaSolda (Kakamega)
Mfuko wa mkate! Kwangua ncha ya uzi mmoja wa waya huo kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupoteza umeme kuliko shaba tupu. Mchana redio inatuma kidogo, inavumilia. Jioni nyumba 11 zikianza kutazama video, inatuma kwa wingi, inavuta umeme zaidi, na zile volti zinazofika juu zikishuka chini ya kiwango chake inazimika. Ikiwaka tena, wateja wako wanaivamia upya.

MkaaziWaKiboswa
Nimekwangua. Ni weupe mtupu. Lakini mlingoti nimekwisha kuulipia arubuni ya shilingi 20,000 kati ya 38,000, na fundi ni shemeji yangu. Je, hautasaidia hata kidogo?

MwalimuMstaafu (Mbale)
Utakusaidia kuongeza futi 50 za waya wa alumini. Na ukumbuke radi za huku kwetu: chuma kirefu hivyo kisichofukiwa waya wa ardhini kitakutafutia maafa. Kwanza vuta umeme wa kawaida hadi kwenye mnara kwa waya mzuri, adapta uiweke katika kisanduku kisichoingiza maji, na kutoka hapo hadi kwenye redio utumie mita tano za shaba tupu.

MkaaziWaKiboswa
Jana mchana nilipeleka adapta mnarani kwa waya wa kuazima na kuifunika kwa ndoo. Nimesoma sasa hivi, saa tatu usiku: saa 28 na dakika 11. Shemeji amepiga simu kusema chuma kimeshakatwa.

DadaWaLanet (Nakuru)
Mwambie akichomelee kiwe lango.