Word: vifungu vidogo havitaki kuingia ndani

mwani_wete
Asalaam aleikum jamani. Nnachapa katiba ya ushirika wetu wa mwani, ina vifungu 1, 2, 3, ndani yake (a) (b) na kwengine (i) (ii). Aliyeianza kasukuma kila kitu kwa spesi, nikiifungua kompyuta nyengine mistari imetawanyika kama dagaa juani. Nikipiga kitufe cha Tab maneno yanasogea lakini namba iko pale pale, haigeuki kuwa a. Kesho kutwa inatakiwa mjini Chake Chake ikaprintiwe, nifanyeje?

kipanga_darajani
Waaleikum salaam dada. Bonyeza juu ya hiyo namba yenyewe, ikiingia kijivu yote ujue ni ya Word, yaani inajihesabu wenyewe, ukiweza kuifuta tarakimu moja moja basi imeandikwa kwa mkono na Tab haitokusikia hata upige mpaka Idi. Kama ni ya mkono zifute, na spesi ziondoe kwa Ctrl na H, kitafunguka kisanduku, juu weka spesi mbili chini weka moja, Replace All, rudia mpaka iseme hakuna. Kisha chagua vifungu vyote, bonyeza Home pale juu, halafu Multilevel List, chukua ile ya 1) a) i). Sasa kale kamstari kanakopepesa kaweke mwanzo kabisa wa kifungu, kabla ya herufi ya kwanza, ndo upige Tab. Ukipiga katikati ya sentensi inakuachia uwazi tu. Kurudi nje ni Shift na Tab.

yakhe_mkoani
LibreOffice na Google Docs pia Tab ni hivo hivo. Mie nnatumia LibreOffice, ya bure, F12 inawasha namba na maisha yanaenda

ticha_wa_skuli
Tab ikikataa kabisa shika Alt na Shift upige mshale wa kulia, hii haijali uko wapi kwenye mstari. Halafu dada umetaka (a) yenye mabano mawili, ile ya kipanga inatoa a) tu. Fungua tena Multilevel List, Define New Multilevel List, chagua ngazi ya 2 pembeni, kwenye kisanduku cha namba ongeza bano la kufungulia ila ile a yenyewe usiiguse, ukiifuta ukaandika yako itabaki a kila pahala. Hapo hapo Aligned at ndo namba inapokaa, Text indent at ndo maneno yanapoanzia. Usivute rula kifungu kimoja kimoja, utalala hapo. Word inakubali ngazi 9 lakini katiba ya ushirika ikipita 3 nani ataisoma yakhe

mwani_wete
Imekubali mashaallah!! Ila chini ya kifungu 2 kuna maelezo yasiyo na namba, baada yake hesabu inaanza tena 1 badala ya 3

kipanga_darajani
Bonyeza hiyo 1 kwa kitufe cha kulia cha mausi, Continue Numbering. Maelezo mengine kama hayo, ukifika mwisho wa kifungu piga Shift na Enter, utashuka mstari bila namba mpya na yatakaa sawa chini ya maneno. Na huko Chake peleka PDF, ukipeleka ya Word ikakuta fonti yako haipo kurasa zitahama tena.